Stoo ya mpiga picha: kisa cha kemikali za marehemu kilimani Mabatini

Mzee aliyewapiga watu wa Mwanza picha za pasipoti, harusi na ubatizo kwa miaka mingi alifariki akaacha nyumba ya vyumba vinne kilimani Mabatini, mjane, watoto watu wazima, na stoo moja yenye kufuli. Stoo hiyo ilikuwa chumba chake cha giza. Humo alisafisha picha za nyeusi na nyeupe mpaka kamera za kidijitali zilipoimaliza kazi hiyo. Baada ya arobaini familia iliamua kukipangisha chumba. Mpangaji alishapatikana, kijana fundi simu, na aliahidi kutoa kodi ya miezi sita mwisho wa mwezi. Ilibaki kuondoa vilivyokuwamo.

Binti mkubwa wa marehemu, anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, ndiye aliyenifuata, kwa kuwa nafundisha kemia na tunakaa mtaa mmoja. "Mwalimu, kuna madawa ya baba mle ndani. Tuyamwage wapi?"

Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya familia, bila majina, kwa sababu stoo za namna hii zipo nyingi jijini. Moja ni ya fundi betri, nyingine ya mkulima wa pamba aliyehamia mjini na makopo yake, nyingine ya mwalimu mstaafu aliyependa majaribio. Wenye nyumba wote huuliza swali lile lile, nalo lina hitilafu ndani yake. Linavichukulia vitu vyote vya stoo kuwa kitu kimoja, na linachukulia kwamba mwisho wa kila kimoja ni kumwagwa. Katika nyumba hii tulihitaji majibu karibu kumi, na katika hayo ni mawili matatu tu yaliyohusu kutupa.

Mpango uliokuwapo kabla sijaitwa ulikuwa huu. Kijana mwenye mkokoteni angeyamimina maji yote mtaroni siku mvua ikinyesha, makopo angeyapeleka kwenye kizimba cha taka, na chupa na madumu angebaki nayo yeye kama ujira wake. Kwa macho ya mtaa mpango huo ni wa kawaida kabisa. Mvua husafisha, kizimba huzolewa, na dumu zuri lina mnunuzi. Simlaumu aliyeupanga. Ila kila kipande chake kilikuwa kinampelekea hatari mtu mwingine asiye na habari.

Tuanze na mtaro. Maji ya Mabatini yanateremkia mto Mirongo. Mirongo unapita katikati ya jiji na kuingia ziwani, na jiji hilo hilo linakunywa maji ya ziwa hilo. Chanzo cha siku nyingi kiko Capri Point, na kingine kikubwa kimejengwa Butimba. Mitambo ya kusafisha maji kwa dawa na mchujo imewekwa hasa kwa ajili ya tope na vijidudu. Kuondoa metali zilizoyeyuka ni kazi nyingine, ya gharama nyingine.

Watu husema ziwa ni kubwa, litameza. Kweli ni kubwa: takriban kilomita za mraba 68,800. Lakini kina chake cha wastani ni kama mita 40 tu, na namna maji yake yanavyoingia na kutoka ni jambo la kutazamwa. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya yanayotoka hupanda juu kama mvuke. Yanayotoka kwa mto Nile pale Jinja ni sehemu ndogo. Jua huchukua maji likaacha risasi, kromiamu na madini ya fedha pale pale, nayo hatimaye hutua kwenye tope la chini, wanapokula viumbe wadogo wanaoliwa na samaki.

Njia ya pili inayopendekezwa kila mara ni choo cha shimo. "Si kinakwenda chini?" aliuliza mdogo wa marehemu, ambaye familia nzima inamwita baba mdogo. Kwingine pengine. Mabatini tumejenga juu ya miamba. Udongo ni mwembamba, shimo likichimbwa hufika jiwe mapema, na kilichomo hupenya pembeni kufuata uso wa mwamba kuelekea kwa jirani wa chini. Tena kila mkazi wa vilimani anajua kinachotokea masika: wapo wanaofungulia choo mvua ikikolea ili kibebwe na maji. Na pale choo kinaponyonywa na gari, mzigo huishia kwenye mabwawa ya majitaka Ilemela, ambamo kazi yote hufanywa na bakteria na mwani. Dawa za picha ni sumu kwa vyote viwili.

Moto tuliukataa bila mjadala mrefu. Kuchoma tina na dawa za wadudu uani ni kuwavutisha majirani, na metali haiungui. Inabaki kwenye majivu ambayo kesho mtu atayatia bustanini.

Kilichokuwamo

Tulifungua asubuhi, milango na dirisha wazi, watoto wamepelekwa kwa shangazi yao. Tulivaa glavu nene za mpira, viatu vya kufunika vidole, na miwani niliyotoka nayo maabara ya shule. Sharti nililoweka lilikuwa moja: hakuna kufungua kifuniko, hakuna kunusa, hakuna kumimina kitu ndani ya kingine. Siku ya kwanza ni ya kutazama, kupiga picha lebo kwa simu na kuandika orodha.

Mzee alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu wake ulituokoa. Karibu kila chombo kilikuwa na kipande cha karatasi kimebandikwa kwa selotepu, jina na tarehe kwa mwandiko wake. Kulikuwa na madumu mawili ya lita 20, moja limejaa na jingine nusu, yameandikwa "fiksa iliyotumika". Kulikuwa na dumu la lita 5 la dawa ya kutokezea picha, limekuwa na rangi ya chai nzito. Rafu ya juu ilikuwa na mkebe wa fuwele nyekundu, ferisayanidi ya potasiamu, na chupa ya kioo ya fuwele za rangi ya chungwa kali, dikromati ya potasiamu. Chini kulikuwa na betri ya gari, tyubu za taa zilizokwisha kazi, makopo ya rangi ya mafuta na tina, na kopo la zamani la dawa ya wadudu wa pamba kutoka shambani kwao Kwimba. Kwenye kona ya dirisha palikuwa na chupa ya soda yenye kimiminika cheupe kama maji, bila lebo. Na ndani ya droo, kimefungwa kwenye kitambaa, kichupa cha dawa ya macho kilichokuwa kizito kupita umbo lake.

Binti aliogopa zaidi mkebe ulioandikwa sayanidi, na maji ya kwenye madumu hakuyajali kabisa. Hofu yake ilikuwa imekaa mahali pasipo pake. Katika ferisayanidi, sayanidi imeshikwa na chuma kwa nguvu sana. Mkebe mkavu uliofungwa si tishio kwa anayeupita. Unakuwa tishio ukikutana na asidi kali na joto, maana hapo gesi ya sayanidi inaweza kutoka. Kwa hiyo kazi yetu kwake ilikuwa ndogo na ya lazima: kuutenga na betri na kila asidi, kwenye ndoo yake peke yake. Zile fuwele za rangi ya chungwa, ambazo mjukuu mmoja alizisifia uzuri, ndizo zilizonitia wasiwasi. Dikromati ina kromiamu ya aina inayosababisha saratani. Vumbi lake halitakiwi puani, huunguza ngozi, na huyeyuka kwenye maji kwa urahisi kabisa. Vijiko viwili vyake mtaroni ni dhambi kubwa kuliko mkebe mzima wa kitu kingine kilichokuwa na jina la kutisha.

Fiksa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi za wapiga picha zitajikuta.

Filamu na karatasi ya picha ya zamani hubeba chumvi za madini ya fedha. Mwanga na dawa ya kutokezea hugeuza baadhi ya chumvi hizo kuwa fedha halisi, ule weusi wa picha. Zilizobaki lazima ziondolewe, la sivyo picha nzima ingeendelea kuwa nyeusi ikipigwa na mwanga. Kazi hiyo ni ya fiksa, ambayo ni thiosulfeti. Inazikamata chumvi zile na kuzibeba ndani ya maji. Fiksa mpya haina fedha hata chembe. Fiksa iliyotumika inaweza kuwa na gramu kadhaa katika kila lita. Kwa macho ni maji yaliyofifia kidogo tu, ndiyo maana wengi huyamwaga.

Fedha ikiwa huru majini ni miongoni mwa metali kali kabisa kwa samaki na bakteria. Ikiwa bado imeshikwa na thiosulfeti makali yake hupungua sana, lakini ukishaimwaga huna tena uwezo wa kuamua itabaki imeshikwa na nini.

Kuthibitisha kama dumu lina fedha hakuhitaji maabara. Nilichukua kipande cha waya wa shaba, nikakisugua mpaka kikang'aa, nikakitumbukiza kwenye kikombe cha plastiki chenye fiksa kidogo, nikakiacha. Kilitoka kimevaa utando wa kijivu. Shaba ilikuwa imeingia majini na fedha imekaa mahali pake.

Mama mwenye nyumba, mjane, alikuwa ametuletea chupa ya jiki kwa nia njema. "Mwanangu, tutie hii iue sumu, halafu mmwage." Nilimwomba airudishe jikoni mbali kabisa. Fiksa nyingi huwa na asidi, na jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Watu hupata ajali hiyo hiyo chooni wanapochanganya jiki na dawa ya asidi ya kusafishia masinki. Jiki huua vijidudu. Haina la kufanya na metali, na kwenye stoo kama ile ingetufukuza wote ndani ya dakika chache.

Ipo njia ya kuitoa fedha. Ukipitisha fiksa kwenye pamba ya chuma, chuma huyeyuka na fedha huganda kama tope jeusi. Njia hiyo ni ya kweli na studio kubwa ziliitumia. Lakini zile stiliwaya za kusugulia sufuria zinazouzwa madukani nyingi ni za chuma kisichoshika kutu, na hizo hazifanyi kazi. Inatakiwa pamba laini inayoota kutu. Kinachobaki baadaye ni maji yenye chuma na thiosulfeti, ambayo nayo hunyonya oksijeni ya maji na hayafai kwenda mtaroni. Hivyo ungebaki na tope la kupeleka kwa msafishaji wa madini na maji ya kupeleka mahali pengine. Familia isiyo na kazi ya picha tena haina sababu ya kuanzisha kiwanda hicho uani. Niliwashauri waache kama yalivyo, madumu yafungwe, yasimame ndani ya beseni pana ili hata yakivuja yasifike sakafuni. Walikubali.

Chupa ya soda

Mama alisema anakumbuka: ile ni asidi ya picha, ile yenye harufu ya siki kali. Inawezekana kabisa. Wapiga picha walitumia asidi asetiki kuzuia dawa ya kutokezea isiendelee kufanya kazi. Lakini katika chumba chenye betri ya gari ingeweza pia kuwa asidi ya betri, au tina, au maji tu. Sikuinusa ili kujua. Pua haikuumbwa kwa kazi hiyo, na asidi asetiki isiyochanganywa na maji huunguza njia ya hewa. Tuliiweka wima kwenye ndoo yenye mchanga mkavu, tukaandika juu yake: HAIJULIKANI. MJANE ANADHANI NI ASIDI YA PICHA. Sikutaka iandikwe "asidi" peke yake, kwa sababu dhana ya mtu ikiandikwa kama hakika humpoteza atakayekuja nyuma.

Chupa hiyo ndiyo iliyokuwa hatari ya karibu kuliko vitu vyote mle ndani. Ukweli kwamba mzee makini namna ile naye alikuwa nayo unaonyesha jinsi tabia hii ilivyo rahisi. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, dawa ya mende kwenye chupa ya maji: hivyo ndivyo watoto wengi wanavyokunywa sumu majumbani kwetu. Mtoto hasomi lebo hata ikiwepo. Anasoma umbo la chupa.

Na hapo linaingia suala la ujira wa kijana wa mkokoteni. Dumu la njano la lita 20 halifi Mwanza. Litabeba maji, litabeba mafuta ya kula, litauzwa sokoni na kununuliwa tena. Chupa ikifika kizimbani au dampo la Buhongwa itaokotwa na mtu anayeuza plastiki kwa kilo, naye atamwaga kilichomo pale alipo, mara nyingi mikono mitupu, kwa kuwa anachokitaka ni chupa. Kumpa kijana yule madumu ya fiksa na dawa ya picha ilikuwa kumpa mama fulani mtaani chombo cha kuchotea maji ya watoto wake. Tulimweleza hivyo kijana mwenyewe, na akaelewa haraka kuliko baba mdogo. Binti alimlipa fedha taslimu badala ya madumu. Chombo kitupu chochote kilichowahi kubeba vitu hivi kilitobolewa kwa msumari ili kisiuzike, kikawekwa pamoja na vingine.

Zebaki

Kichupa cha droo kilikuwa na zebaki. Mwaka fulani mzee alijaribu bahati yake Geita, kama wanaume wengi wa kizazi chake, na alirudi na kumbukumbu hiyo. Zebaki ni nzito mara 13 na zaidi kuliko maji, ndiyo maana kichupa kile kilishangaza mkononi.

Baba mdogo alikuwa na mnunuzi tayari. Wachimbaji wadogo wanaitumia kukamatia dhahabu. Huchanganywa na mchanga uliosagwa, hushikana na dhahabu, kisha donge huchomwa ili zebaki iondoke kama moshi na dhahabu ibaki. Pesa ya kichupa kile ingelipa sehemu ya deni la msiba, na alilisema hilo waziwazi mbele ya wote. Halikuwa wazo la tamaa. Nyumba ilikuwa na deni.

Binti alikataa, na sababu alizozitoa hazikutoka kwangu. Alisema anawajua wanawake wanaochomea donge lile jikoni, kwenye kikaango kile kile kitakachopikiwa mboga. Alisema yeye anauza dagaa, na mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu watu walikuwa wanavua kwa sumu, aliiona Mwanza inavyokuwa wavuvi wakikosa soko. "Ziwa likisemwa vibaya, baba mdogo, sisi wa Mwaloni ndio tunalala njaa."

Mimi niliongeza ya kitaalamu tu. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, na huharibu ubongo na figo. Ikifika majini bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo hupanda kutoka kiumbe kidogo hadi kikubwa, hivyo sangara mkubwa hubeba zaidi ya dagaa. Katika mji wa Minamata kule Japani, ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye zebaki hiyo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na mkataba wa kimataifa wa zebaki umepewa jina lake. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Hapa nchini kemikali hii inasimamiwa chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, na anayeifanyia biashara anatakiwa kusajiliwa. Mnunuzi wa baba mdogo hakuwa na usajili wowote.

Nadhani uamuzi wa binti ulikuwa sahihi, na pia nadhani usingefikiwa kama deni la msiba lingeachwa bila kuzungumzwa. Walikaa usiku ule wakagawana deni upya kati ya ndugu. Hiyo nayo ilikuwa sehemu ya kazi ya kemikali, ingawa haimo katika orodha yangu.

Kichupa kilifungwa vizuri, kikatiwa ndani ya chupa pana ya plastiki ngumu yenye mchanga, nayo ndani ya ndoo yenye kifuniko. Kama kingepasuka, zebaki haifagiliwi kwa ufagio, maana ufagio huitawanya kuwa chembe zinazoendelea kutoa mvuke. Matone hukusanywa kwa kuyasukuma polepole kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, madirisha wazi. Tyubu za taa nazo zina zebaki, miligramu chache kila moja. Tulizirudisha kwenye maboksi ya katoni zikiwa nzima, watoto wakakatazwa kuzichezea.

Vilivyokuwa rahisi

Rangi mbili zilikuwa bado nzima. Fundi rangi wa mtaa alizichukua pamoja na tina akapaka geti la jirani. Kitu kinachofaa kikitumiwa kwa kazi yake hakigeuki taka, na hakuna njia bora kuliko hiyo. Kopo moja lililoganda tuliliacha liwazi, mbali na moto, likauke kabisa.

Betri ina soko kwa sababu ya risasi yake. Shida ni kwamba baadhi ya wanunuzi wa vyuma chakavu hutaka asidi imwagwe kwanza ili isipimwe kwenye mzani, na asidi hiyo hutoka na risasi iliyoyeyuka. Binti alitafuta mnunuzi anayeichukua ikiwa wima na asidi ndani, kwa bei iliyopungua kidogo. Alipatikana.

Kopo la dawa ya pamba halikufunguliwa. Lebo yake ilikuwa imefutika nusu, lakini jina la kiambato lilisomeka: endosulfani, iliyoingizwa mwaka 2011 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali zinazotakiwa kukomeshwa. Ndugu mmoja wa Kwimba aliliomba kwa ajili ya bustani ya nyanya. Alikataliwa kwa upole na kwa uthabiti. Mwenye jukumu la dawa za namna hiyo ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Kungoja

Sasa ndoo na madumu yakawa yamepangwa, yameandikwa, yametenganishwa. Wapi? Mwanza haina kituo ambako mwananchi anapita Jumamosi na kukabidhi kopo lake la kemikali kama anavyokabidhi chupa tupu za soda dukani. Huo ndio ukweli, na kila ushauri unaoupita kimya ukweli huo unamwacha msikilizaji mlangoni kwake na ndoo mkononi.

Tulianza kwa mtendaji wa mtaa na afisa afya wa kata, tukiwa na orodha na picha za lebo. Orodha ilifanya kazi kubwa. Mtu akiambiwa "kuna madawa ya mzee" anaogopa au anapuuza. Akionyeshwa karatasi yenye majina, ujazo na hali ya kila chombo, anajua ampigie nani. Kutoka hapo ni ofisi mbili ambazo zote ziko hapa Mwanza kwa ajili ya Kanda ya Ziwa: Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, linalosimamia taka hatarishi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Taka hatarishi hazisafirishwi bila kibali. Hii ilimaanisha kwamba hata gari la rafiki la kuvipeleka popote halikuwa suluhisho.

Wakusanyaji wenye kibali wapo, lakini gari halitoki kwa ajili ya ndoo nne. Gharama ya safari moja ingezidi kodi ambayo familia ilikuwa inaisubiri. Kilichofungua njia ni jambo la bahati lililokuwa mikononi mwangu: shule ninakofundisha ilikuwa na kemikali za maabara zilizokwisha muda, zimeorodheshwa na zinangoja kuchukuliwa. Mkuu wa shule alikubali mzigo wa familia utajwe katika maombi yale yale, na walioshughulikia vibali wakakubali. Naamini hapa ndipo serikali za mitaa zinaweza kusaidia zaidi kuliko kwa mabango ya kukataza. Kata ikiwa na siku moja ya makabidhiano kwa mwaka, na orodha za kaya, shule, zahanati na mafundi zikaunganishwa, gari linalipa.

Kungoja kulichukua miezi. Mpangaji hakuweza kuingia mwisho wa mwezi kama ilivyopangwa. Familia ilimpa chumba kingine kwa kodi ndogo, ndoo zikabaki stoo chini ya kufuli, mchanga pembeni, funguo kwa mama peke yake. Watu wawili wa mtaa walimwambia mama kwamba anajitesa kwa mambo ya kizungu. Alijibu kwamba marehemu mumewe aliviweka mle kwa miaka bila kumdhuru mtu, basi na yeye anaweza kuviweka miezi. Kutunza salama ni hatua halali ya kazi hii. Anayengoja na ndoo iliyofungwa na kuandikwa amefanya karibu yote yanayomhusu.

Siku ya makabidhiano kila kitu kilikaguliwa dhidi ya orodha, chupa isiyojulikana ikapokelewa kama isiyojulikana, na mama akatia sahihi yake.

Limebaki jambo moja, nalo sikulitatua kwa orodha. Nyuma ya stoo kuna bomba lililotoboa ukuta kutoka kwenye sinki la mzee, na chini yake kijibustani cha mchicha ambacho wajukuu wanakichuma. Mzee alihifadhi fiksa katika miaka yake ya mwisho. Lakini mama alikumbuka kwamba zamani, kabla hajashauriwa na wenzake wa kazi, aliimimina sinkini pamoja na nyingine zote. Fedha kwenye udongo hujishika na salfa na mboji, haitembei mbali. Kromiamu sina amani nayo, na mboga za majani hazifai mahali palipopokea metali kwa miaka. Tumeziba bomba kwa saruji, mchicha tumeung'oa, na mama amepanda mwingine kwenye viroba vilivyojazwa udongo na samadi kutoka Kwimba. Pale chini ya bomba fundi atamwaga zege kabla ya vuli, ili mvua isiendelee kuuosha ule udongo kuelekea Mirongo.